Kupiga Picha Zisizopangwa kwenye Gati la Lamu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyokusanywa hapa huulizwa na vijana wa Lamu wanaoanza kushika kamera, na pia na wageni wanaoshuka gatini wakiwa na kamera shingoni wasijue waanzie wapi. Majibu yanahusu jambo moja tu, nalo ni kuwapiga picha watu walio katika shughuli zao, bila kuwapanga, mahali ambapo wasafiri hupita kwa wingi. Picha za harusi, za studio na za matangazo zina taratibu zake na hazikuguswa.

Picha isiyopangwa ni ipi hasa?

Ni picha ambayo mpigaji hakumwelekeza mtu asimame wapi, atazame wapi wala afanye nini. Hilo ndilo sharti lake la pekee. Wengi huongeza sharti la pili, kwamba mtu asijue kabisa kuwa anapigwa picha, na hapo ndipo upotofu unapoingia, kwa sababu kutompanga mtu si sawa na kumvizia. Mchukuzi anayeshusha magunia ya unga kutoka kwenye mashua anaweza kukuona wewe na kamera yako, akakuitikia salamu, kisha akarudi kwenye kazi yake kwa kuwa nahodha anataka kuondoka. Picha utakayoipata baada ya hapo haijapangwa hata kidogo, na wala hukumwibia kitu. Majibu yote yanayofuata yamejengwa juu ya msimamo huo: katika mji mdogo kama Lamu, mpigaji picha anapaswa kuonekana, kujulikana na kuweza kuulizwa.

Upigaji picha wa aina hii umezoeleka kwenye stesheni za reli za miji mikubwa. Lamu haina reli. Je, gati linafaa?

Linafaa, na kwa sababu zilezile. Stesheni huwavutia wapigaji picha kwa kuwa watu hufika kwa mikupuo: kwa dakika chache jukwaa hufurika, mizigo ikapita juu ya vichwa, jamaa wakakumbatiana, kisha pakatulia hadi treni nyingine ifike. Aidha, msafiri hana nafasi ya kujiweka sawa kwa ajili ya kamera. Akili yake iko kwenye tiketi, mtoto na begi. Mwaka 1932, jijini Paris, mpigaji picha Mfaransa Henri Cartier-Bresson alipenyeza lenzi ya kamera yake ndogo ya Leica kwenye uwazi wa uzio nyuma ya stesheni ya Saint-Lazare, akamnasa mtu akiruka dimbwi, kisigino chake kikiwa bado hakijagusa maji. Huko Bamako, nchini Mali, mpigaji picha Seydou Keïta alifungua studio yake mwaka 1948 karibu na stesheni ya reli, na ingawa yeye aliwapanga wateja wake kwa uangalifu mkubwa, ujirani na stesheni ulimletea watu wengi wa kupiga picha.

Gati la Lamu lina mikupuo hiyohiyo. Mabasi ya kutoka Mombasa na Malindi huishia Mokowe, upande wa bara, na abiria wake huvuka kwa boti. Walioshuka kwenye uwanja wa ndege wa Manda nao huvuka mkondo wa bahari kwa boti. Boti ikishafunga kamba, mambo hufuatana kwa utaratibu ambao hakuna aliyeuandika: mtoto hupokezwa kwanza, kutoka mikono ya baharia hadi mikono ya mtu asiyemjua aliyesimama kwenye ngazi, begi hufuata, kisha mama mtu, viatu mkononi, huinua upindo wa buibui kwa mkono mmoja na kushika bega la baharia kwa mkono wa pili. Yote hayo huchukua muda mfupi kuliko kuyasimulia, na aliyekuwa akihangaika na vitufe vya kamera huambulia migongo.

Liko jambo moja ambalo gati halifanani na stesheni ya jiji kubwa, nalo ni zito. Kule Paris au New York, mpigaji na mpigwaji huenda wasionane tena maishani. Hapa, mtu uliyempiga picha asubuhi utakutana naye adhuhuri msikitini, na jioni utamkuta ameketi kwenye daka, yaani kibaraza cha mlangoni, la jirani yako.

Nisimame wapi?

Simama mahali pamoja, na usimame muda mrefu. Hilo ni muhimu kuliko pembe yoyote nitakayoitaja. Anayezungukazunguka akiinua kamera kila baada ya hatua tatu huwatia watu wasiwasi na huwafanya wageuze nyuso. Aliyekaa ukutani nusu saa, akasalimiana na wanaopita, husahaulika, na kusahaulika huko kunatokana na kuzoeleka wala hakuna haja ya kujificha.

Baada ya hapo, tafuta kwanza mandhari ya nyuma iliyo safi, kisha ngoja watu waingie ndani yake. Kichwa cha gati kina fujo nyingi: milingoti, kamba, mitungi, jaketi okozi za rangi ya machungwa. Ngazi zinazoteremka majini ni bora zaidi, kwa kuwa watu hupanda mmoja mmoja na kila mmoja huonekana mwili mzima. Zingatia maji. Wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hukaribia mita 3, kwa hiyo boti ambayo asubuhi ilikuwa sawa na uso wa gati, baada ya muda wa saa sita hivi itakuwa chini kabisa, na abiria watakuwa wakipanda kuelekea kwako wakiwa wameinua nyuso. Maji yaliyokupwa, kwa maoni yangu, ndiyo yenye picha. Maji yakijaa kila mtu huruka tu na kwenda zake. Jihadhari na ngazi za chini, maana zina utelezi, na tena ndiko wachukuzi wanakopita wakiwa na mizigo mabegani. Ukiwazibia njia hutakuwa na haki ya kulalamika ukisukumwa.

Ukichoka na gati, nenda uwanja wa Mkunguni mbele ya Ngome, ambako wazee hukaa kivulini, au uingie katika njia kuu inayokwenda sambamba na pwani. Hapo hapahitaji maelezo mengi: chagua kona ambapo kichochoro kinakutana na njia kuu, ungoje punda.

Saa zipi zina mwanga mzuri?

Mji wa Lamu umetazama mashariki, kuelekea kisiwa cha Manda. Kwa hiyo jua likichomoza, mnamo saa kumi na mbili na robo asubuhi, hupiga moja kwa moja kwenye nyumba za mbele na nyuso za wanaongoja boti. Na kwa kuwa tuko takriban nyuzi 2 tu kusini mwa ikweta, saa hiyo haibadiliki sana mwaka mzima. Kuanzia kuchomoza hadi saa mbili na nusu ndio wakati wa kuwapiga picha watu wakiwa na mwanga usoni. Alasiri mambo hugeuka: jua huwa nyuma ya mji, nyumba huangusha kivuli chao juu ya barabara ya pwani, na wakati huo bahari na matanga yangali na mwanga. Mtu akisimama ukingoni mwa kivuli hicho, nusu ndani na nusu nje, picha huwa imeshajitengeneza nusu.

Vichochoro vina hesabu nyingine. Vile vinavyoteremka kuelekea baharini hupata jua la asubuhi kupitia mdomo wake wa pwani, na anayepanda kutoka gatini huonekana kama umbo jeusi lenye ukingo wa mwanga. Vile vilivyo sambamba na pwani hubaki gizani hadi karibu na adhuhuri, kuta zikiwa ndefu na njia nyembamba. Hapo jua hushuka kwa mstari mmoja mwembamba kwa muda mfupi na kuondoka. Katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba jua la adhuhuri huwa utosini kabisa, na mtu aliyevaa kofia huwa na uso mweusi tii. Wakati huo ni afadhali ukae kivulini unywe kahawa.

Kamera gani na lenzi gani?

Kamera yoyote isiyopiga kelele na isiyojaza mikono. Simu nzuri inatosha. Lenzi ya milimita 28 au 35, kwa kamera ya fremu kamili (yenye kihisi cha ukubwa wa filamu ya milimita 35), hukulazimisha usogee karibu, na ukisogea karibu unalazimika kusalimia. Lenzi ndefu ya milimita 200 humwezesha mtu kupiga picha kutoka kwenye paa la hoteli bila yeyote kumjua, na hiyo ndiyo sababu hasa ya kuikataa kwa kazi hii: picha zake huwabana watu kwenye mandhari iliyofifia, zikakosa gati, zikakosa mji, na zikanuka uviziaji.

Nipange vipi kamera ili nisichelewe?

Panga kila kitu kabla boti haijafika. Mtu anayetembea huhitaji kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga, ya angalau sehemu ya 1/250 ya sekunde. Mchukuzi anayesukuma rukwama huhitaji 1/500. Juani, ukiwa na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ya 400 na upenyo (tundu la lenzi linalopitisha mwanga) wa f/8, kasi itakuwa karibu 1/1600, yaani utakuwa na akiba kubwa. Ukiingia kivulini penye anga wazi, ISO 800 kwa f/8 itakupa karibu 1/400. Ndani ya vichochoro huenda ukalazimika kufika ISO 3200, nawe usiogope chembechembe. Picha yenye chembechembe husomeka, iliyotikisika mahali pasipotakiwa haisomeki.

Fokasi ndiyo huwaangusha wengi. Fokasi ya otomatiki hukimbilia mlingoti au kamba iliyo mbele na kumwacha mtu. Njia ya zamani ni kuikadiria: ukiwa na lenzi ya milimita 28 kwa f/8, ukiweka fokasi kwenye mita 2.5, kila kilicho kati ya takriban mita 1.4 na mita 10 kitakuwa kimekaa sawa. Kwa lenzi ya milimita 35, fokasi na upenyo uleule, eneo hilo hupungua na kuwa kati ya mita 1.7 na karibu mita 5. Kwa hiyo jifunze kuikadiria mita mbili na nusu kwa jicho, ukipima barazani kwako hadi mwili uizoee, na gatini hutahitaji tena kugusa pete ya fokasi.

Mwanga wa nyuso unahitaji uangalizi wa peke yake. Kipimo cha kamera hudhani kila kilicho mbele yake kina wastani wa kijivu. Ukimpiga mzee mwenye ngozi nyeusi mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, kamera huuona weupe mwingi, ikapunguza mwanga, na uso wa mzee ukapotea. Ongeza mwanga kati ya theluthi mbili za stopu na stopu moja (stopu moja ni kuzidisha mwanga mara mbili). Kinyume chake, buibui jeusi likijaza fremu, kamera huongeza mwanga kupita kiasi, na kitambaa kikageuka kijivu, hapo punguza. Asiyezingatia hili huishia kuwa na mamia ya picha za kuta nzuri za Lamu na watu wasio na macho.

Ukitaka kuonyesha msukosuko, fanya kinyume cha yote: kaza kamera ukutani, shusha kasi hadi 1/15, na utafute mtu mmoja aliyetulia kabisa katikati ya wanaokwenda mbio.

Nimwombe mtu ruhusa kabla ya kumpiga picha, au baada?

Ukimwomba kabla, picha uliyoiona imekwisha. Atasimama wima, atashusha mikono, atakutazama. Usipomwomba kabisa, umemnyima neno juu ya sura yake mwenyewe. Njia ninayoipendekeza ni ya hatua tatu, na haichoshi. Kwanza, salimia mahali pote ufikapo, kwa sauti, kabla ya kuitoa kamera, ili watu wajue kuwa upo na umekuja kufanya nini. Pili, piga picha wakati wa kitendo. Tatu, mwendee uliyempiga, mara tu mikono yake itakapokuwa huru, umwonyeshe. Maneno yawe mepesi: “Ami, nimekupiga picha ulipokuwa ukishusha magunia. Hebu tazama, usipoipenda naifuta mbele yako.” Ukimwambia hivyo, lazima uwe tayari kweli kuifuta, hata kama ndiyo picha bora ya mwezi mzima.

Kwa umati mpana, ambamo hakuna uso hata mmoja uliotawala picha, hatua ya tatu si lazima. Lakini uso wa mtu mmoja ukiwa ndio kiini cha picha, hakuna udhuru wa kuikwepa. Kwa wazee anza na shikamoo, na umwache amalize kuitikia na kuuliza hali ya nyumbani kabla hujataja kamera. Akiona una haraka kuliko adabu, jibu lake litakuwa hapana, na atakuwa na haki.

Na wanawake wa Lamu?

Hapa pana haja ya kusema waziwazi. Kwa familia nyingi za hapa, sura ya mwanamke si mali ya barabara, na picha yake ikienea kwa watu asiowajua huleta fedheha kwake na kwa wa nyumbani kwake, hata kama picha yenyewe ni ya heshima. Katika sherehe za harusi za wanawake, kamera na simu huzuiwa ili waliovua mabuibui wastarehe kwa amani. Anayeleta kamera gatini aelewe kuwa hisia hiyohiyo ipo nje, ingawa huko wamejifunika.

Usimpige picha mwanamke mmoja peke yake karibu bila idhini yake. Idhini yenyewe aiombe mwanamke mwenzake ikiwezekana, na ikiwa wewe ni mwanamume, uliza mbele ya watu na kwa umbali wa heshima. Akifunika uso kwa ukaya au kugeuka, amejibu. Wengine hupenda sana kupigwa picha, na wengine watakubali kwa sharti kwamba isiende mitandaoni. Sharti hilo ni amana. Nimewahi kusikia hoja kwamba anayepita barabarani amejitoa hadharani na hivyo hana la kulalamikia. Ni hoja ya watu wasioishi na wale wanaowapiga picha.

Na watoto?

Watoto ndio wepesi zaidi kupigwa na ndio wenye kinga ndogo zaidi. Watakujia mbio, watajipanga wenyewe, watafanya vituko. Cheka nao, lakini uso wa mtoto usiutoe popote mpaka mzazi au mlezi akubali, na usiwape peremende wala pesa, kwani huwafundisha kuwafuata wageni wenye kamera.

Sheria ya Kenya inasemaje?

Haya ni maelezo ya jumla. Mwenye kesi amwone wakili. Katiba ya mwaka 2010 inalinda mambo mawili yanayogongana: kifungu cha 31 kinalinda faragha ya kila mtu, na kifungu cha 33 kinalinda uhuru wa kujieleza, ukiwemo ubunifu wa kisanaa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaihesabu picha ya mtu anayetambulika kuwa data yake binafsi. Sheria hiyo haigusi matumizi ya mtu ya nyumbani kwake tu, na ina nafasi ya pekee kwa uandishi wa habari, fasihi na sanaa. Lakini inataka idhini ya mzazi au mlezi kwa data za watoto, na inabana matumizi ya kibiashara.

Mfano wake si wa mbali. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza klabu moja ya starehe jijini Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuiweka mitandaoni picha ya mteja bila idhini yake, na shule moja ikatozwa shilingi 4,550,000 kwa kutoa picha za wanafunzi bila ruhusa ya wazazi. Tofauti ya msingi ni matumizi: picha ya gatini iliyotundikwa kwenye maonyesho ya sanaa haiko sawa na picha hiyohiyo ikitangaza hoteli. Kwa tangazo, pata idhini ya maandishi yenye sahihi, bila hiyo usiiuze.

Yako mambo ambayo nisiyapige kabisa?

Yapo. Vituo vya polisi, askari walio kazini, vyombo vya jeshi la majini na mitambo ya bandari mpya ya Lamu huko Kililana si mahali pa kujaribu bahati, hasa katika kaunti iliyopitia misukosuko ya usalama. Ndege zisizo na rubani zinahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na hata ukiwa nacho, kumbuka kuwa nyumba za Lamu zina nyua za ndani na madari, yaani mapaa bapa, ambako watu hukaa wakijua hakuna anayewaona kutoka juu.

Misikitini, usipige watu wakiwa katika sala, wala wanaotawadha. Wagonjwa wanaovushwa kwa boti kwenda hospitali huonekana gatini mara kwa mara, na jeneza pia huonekana. Shusha kamera, na kama pana mzigo wa kushika, shika.

Wakati wa Maulidi je?

Maulidi ya Lamu, yanayohusishwa na Msikiti wa Riyadha na urithi wa mwanachuoni wake Habib Swaleh, huleta watu wengi katika mwezi wa Rabiul Awwal, na gati hufurika kuliko wakati mwingine wowote. Shughuli za hadharani, kama zafa (maandamano ya kaswida na ngoma) na mashindano ya punda na ya majahazi, zinapigwa picha na kila mtu. Shughuli za ibada ni jambo jingine: uliza wenyeji wa shughuli, uvae nguo za heshima, uvue viatu, usitumie flashi. Ushauri wangu ni kwamba picha nzuri za siku hizo hazipo katikati ya zafa. Zipo gatini, wageni wanapofika na mikeka, masufuria na watoto waliolala mabegani.

Nifanye nini mtu akikataa, akikasirika au akidai pesa?

Akikataa, shusha kamera na useme “Samahani, nimeelewa.” Usibishane, usijadili sheria, usitabasamu kama kwamba hakusema kitu. Akikasirika, mwonyeshe picha na uifute akiona, kisha ufungue na sehemu ya picha zilizofutwa uiondoe na huko, maana siku hizi kila mtu anajua kuwa simu huhifadhi picha kwa siku kadhaa. Ikiwa wewe ni mgeni na maneno yamekuwa makali, mwombe mtu mzima aliye karibu asuluhishe. Gatini hakosekani.

Pesa ni swali gumu zaidi. Sipendi malipo ya papo hapo, kwa sababu anayelipwa huanza kuigiza kazi yake badala ya kuifanya, na siku ya pili wenzake hungoja zamu zao. Lakini mchukuzi anayesema kuwa picha za wageni huuzwa na yeye hapati kitu, anasema kweli. Ukiiuza picha yake, mgawie.

Je, naweza kuificha kamera ili nipate hali halisi zaidi?

Wapo waliofanya hivyo na kazi zao zikaheshimiwa. Kati ya 1938 na 1941, mpigaji picha Mmarekani Walker Evans aliwapiga picha abiria wa treni za chini ya ardhi za New York akiwa ameificha kamera ndani ya koti, lenzi ikichungulia katikati ya vifungo. Nyuso zile zina ukweli usiokanushika. Ila tusisahau nusu ya pili ya habari: picha hizo hazikutolewa kitabuni hadi 1966, robo karne baadaye, na zilipigwa katika jiji la mamilioni ya watu wasiojuana. Simu ya leo huipeleka picha kwa watu elfu kabla boti haijafungua kamba, na katika Lamu wa kwanza kuiona atakuwa binamu wa aliyepigwa. Kwa hiyo jibu langu ni hapana, na sidhani kuna kinachopotea. Kaa gatini muda wa kutosha, hali halisi itakuja mbele ya kamera iliyo wazi.

Nitailindaje kamera na chumvi?

Upepo wa kusi hubeba mvuke wa chumvi hadi ndani ya mifuko iliyofungwa. Ukirudi nyumbani, pangusa mwili wa kamera kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo sana kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kisha kwa kikavu. Kioo cha lenzi kipulizwe kwanza ndipo kifutwe, la sivyo mchanga utakikwaruza. Usibadilishe lenzi ukiwa botini. Ukitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi, iache kamera ndani ya mfuko uliofungwa kwa nusu saa hivi hadi ipate joto la nje, kwani unyevu hujikusanya juu ya kioo, na hata ndani, pale baridi inapokutana na hewa ya pwani.

Rangi au nyeusi na nyeupe?

Jaketi okozi za rangi ya machungwa ndizo zinazoamua. Zikiwa nyingi, zitavuta jicho na kuziacha nyuso nyuma, na hapo nyeusi na nyeupe husaidia. Kwingineko, rangi za Lamu ni sehemu ya habari yenyewe: maji ya kijani ya maji kujaa, kikoi cha nahodha, mbao za mashua zilizopakwa upya. Kuzifuta ili picha ionekane ya kale ni kuusingizia mji kuwa umekoma kuishi. Hariri mwanga na ukate kingo ukitaka. Usiondoe mtu wala kitu kilichokuwepo.

Niwape watu nakala, na picha nizihifadhi vipi?

Toa nakala za karatasi. Lamu imezoea picha za mkononi tangu enzi za studio ya Omar Said Bakor, aliyejulikana kwa picha zake za kuunganisha vipande, na mpaka leo picha iliyochapishwa huwekwa sebuleni wakati ile ya simu hupotea simu inapoharibika. Mpelekee mtu nakala yake gatini, mkononi mwake, bila kupitia kwa wengine. Kwa mwanamke hilo ni la lazima.

Kwa hazina yako, hifadhi picha mahali pawili tofauti, na kwa kila picha yenye uso unaotambulika andika tarehe, mahali, na kile hasa alichokubali mwenyewe: kuonyeshwa nyumbani, kutundikwa kwenye maonyesho, au kuwekwa mitandaoni. Watu hubadilisha mawazo, vijana huoa na kuolewa, wazee hufariki na wana wao wakawa na rai nyingine. Mtu akirudi hata baada ya miaka akiomba picha yake iondolewe, iondoe pote ilipo, na kwenye diski ya akiba pia.